Majina Matupu

Mimi sikuwepo, lakini rafiki yangu Somoe si mtu wa kutunga. Mwaka 2006 alianzisha kundi la mtandaoni la kuwatafuta watu wa ukoo wao, waliotawanyika Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma. Akaenda kijijini Mpapura, shangazi yake akamtajia waliofariki na kumwonya: "Kila jina lianze na marehemu. Ukilitaja tupu, unamwita mwenyewe."

Somoe akaandika majina matupu, eti kuokoa nafasi kwenye daftari.

Kesho yake mchana, mjini, alikuwa akimsomea Tatu, mwenye intaneti kafe, ayachape. Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Feni zikanyamaza, giza likajaa. Tatu akatoka kuwasha jenereta, Somoe akaendelea kuyahakiki majina kwa sauti, akimulika daftari kwa tochi ya simu.

"Atuhau Nalinga."

"Abee."

"Tatu, acha utani bwana!"

"Niko nje huku, dada!" Tatu akajibu, akihangaika na kamba ya jenereta.

Somoe akafunga daftari. Lilikuwa limebaki jina moja tu, la bibi yake, ambaye Somoe alirithi jina lake.

Kiti cha pembeni kikalia, kama mtu anajiweka sawa. Kisha sauti ya kizee ikauliza taratibu, "Mbona mimi hujaniita?"