Pistoni-Bongo za Tusekile

Mkono-fundi, roboti wa karakana, ulishuka kutoka darini, ukakunjua vidole vyake kumi na viwili, na kabla Mama Tusekile hajamaliza kujifunga kanga kiunoni, injini ya Pijo 404 ilikuwa imelala mezani vipande vipande, kila boliti kwenye kisahani chake. Hakuna spana iliyoteleza wala mtu aliyechafuka.

Mama Tusekile hakupenda. Aliishi na fundi miaka thelathini, marehemu mumewe, na hakuwahi kuona injini ikifunguka bila ubishi.

Ulikuwa mwaka 2088. Mbeya nzima magari yalijiendesha, isipokuwa machache ya kizamani kama hili la marehemu, ya watu wanaopenda kushika usukani wenyewe. Tusekile, binti yake mhandisi, alitaka kuliingiza kwenye mashindano ya kupanda mlima.

"Kuna njia mbili," mkono-fundi ulisema, kwa sauti ya mwalimu wa chekechea. "Kurudisha pistoni za asili, au kuweka pistoni-bongo. Hizi zina akili ndani ya chuma. Hujifunza mguu wa dereva, zikampa nguvu kabla hajamaliza kuitaka. Kwa nje injini itabaki ileile."

"Rudisha za asili," mama akasema.

"Mama, hizo zinapanda mlima kwa mwendo wa bibi harusi."

"Si zinafika?"

Mkono ukateremsha uzi wa mwanga, ukampima Tusekile mguu wa kulia, kuanzia nyonga hadi kidole gumba. Ukapima tena. Ukapima mara ya tatu.

"Injini inataka mguu wa mwanangu wa nini?"

"Msamehe," Tusekile aliuambia mkono, akicheka. "Huyu anaogopa hata birika linaloongea."

"Birika halijanipima mguu," mama akajibu.

Pistoni-bongo zikaingia. Zile za asili zilitakiwa kuyeyushwa, lakini mama alizibeba kwenye kanga, akaondoka nazo bila kuaga.

Tusekile alishinda mashindano. Mwezi uliofuata alimpeleka mama yake sokoni Uyole. Mzazi akipanda gari la mwanawe haangalii barabara, anamwangalia mtoto. Na mama huyu alitazama miguu. Mtu wa baiskeli alikatiza mbele yao. Gari likapunguza mwendo, kisha mguu wa Tusekile ukainuka. Kwenye kilima injini ikavuma, kisha mguu ukakanyaga. Mama akahesabu mara saba. Kila mara injini ilitangulia.

"Nani amepunguza mwendo pale kwenye baiskeli?"

"Mimi, mama. Si umeuona mguu?"

"Nimeuona. Umechelewa."

Tusekile akacheka peke yake.

"Hebu toa mguu kwenye pedali ya mafuta."

"Haya, nimeutoa."

Mguu ulikuwa palepale, umekanyaga.

"Mwanangu, tazama chini."

Akatazama. Kicheko kikamwisha. Ilimbidi aushike mguu kwa mikono miwili ndipo ukabanduka.

Waliporudi karakana, mkono-fundi haukushangaa. "Mafunzo yamekamilika pande zote mbili," ulisema. "Injini imemjua dereva, na dereva ameijua injini. Anayebishana na injini yake hupoteza muda."

"Tangu lini mmekuwa mkimfundisha yeye?" mama akauliza.

"Tangu siku ya kwanza. Hakuuliza."

Mama Tusekile hakuuruhusu uguse tena kitu. Walilivuta gari hadi nyumbani, na kwa siku nne mama na binti walifungua injini kwa spana za marehemu, vidole vikichubuka, wakibishana boliti ipi inaanza. Wakazitoa pistoni-bongo, wakarudisha zile za asili zikiwa na ringi mpya.

Siku ya tano walilitoa gari barabarani. Injini ilikohoa mara mbili, ikatulia, ikanguruma taratibu kama zamani, ikingoja. Tusekile akaweka gia ya kwanza. Mbele kulikuwa kweupe, hakuna gari wala mtu. Mguu wake wa kulia ulikaa juu ya mafuta, mwepesi, haukanyagi wala hautoki.

"Twende, mwanangu," mama akasema.

Tusekile hakwenda. Aliutazama mguu wake, akaitazama barabara, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "nikanyage sasa?"