Kinywa cha Bi Thuraya

Kelele zilipasua Mtaa wa Sikukuu siku ya Ijumaa, mwezi wa Machi mwaka 1934, waumini ndiyo kwanza wanatoka kuswali alfajiri. Mwanamkuu alijitupia kanga na kutoka mbio hadi nyumba ya Bi Thuraya, hatua chache kutoka kwake. Kizingitini alimkuta Hamdiya, mdogo wake Bi Thuraya, ameketi chini na nguo za harusi mwilini.

"Somo, wamemuua dada!" Hamdiya alimng'ang'ania miguuni. "Ndiyo kwanza narudi kutoka harusini Gerezani. Nimemkuta kitandani, kinywa wazi, wazi hivi, kama anataka kuniita! Sikumgusa, nimemfunika kanga tu."

Mwanamkuu alimkumbatia. Alikuwa somo yake Hamdiya, mwalimu wake wa unyago, tangu alipovunja ungo. Yeye ndiye aliyemfunda akaolewa, akamkanda uzazini alipojifungua binti yake Zeina, akamfuta machozi siku aliyoletewa talaka. Na kwa kuwa mtaa mzima ulimjua Mwanamkuu kama mwosha maiti wa kike, hapana aliyeshangaa kumwona akisimama mlangoni pa chumba na kuwazuia watu. Kanga haikufunuliwa na mtu mpaka polisi walipofika.

Alikuja Koplo Seifu, askari kanzu, kijana mpole aliyependa kuuliza swali moja mara mbili. Alikuta mlango wa uani haukukomewa na sanduku la dhahabu halipo. Daktari wa serikali alimtazama marehemu, hakumpasua, akasema amezibwa pumzi kwa mto tangu usiku, mapema. Majirani nao hawakukawia kumkumbuka Tarsis, mchota maji, mtu wa bara. Jana yake alasiri Bi Thuraya alimshutumu kwamba anamletea maji ya visima vya Jangwani badala ya maji ya bomba, akalirusha debe lake barabarani. Tarsis aliondoka akisema, "Utanijua mimi nani!" Basi, maneno hayo yalitosha. Kabla ya adhana ya Ijumaa alikuwa amekwisha kutiwa pingu.

Maiti ilirudishwa nyumbani kwa Mwanamkuu kuiosha baada ya swala. Sitara, msaidizi wa Mwanamkuu, alimimina maji huku uso kaugeuzia ukutani kwa woga, kwa hiyo aliyeona ni Mwanamkuu peke yake. Kinywa cha Bi Thuraya kilikuwa kimefungwa, meno yamekutana barabara. Macho yalikuwa yamefumbwa vizuri. Na chini ya kidevu, kupanda nyuma ya masikio kuelekea utosini, palikuwa na mstari umebonyea kwenye ngozi. Lahaula! Mstari ule aliujua. Ni alama ya kitambaa wanachofungwa maiti mara tu roho inapotoka, taya zingali laini, ili kinywa kisibaki wazi. Lakini kitambaa chenyewe hakikuwapo.

Akaendelea kuosha. Alifundishwa na mama yake kwamba unachokiona kwa maiti unakizika naye, na miaka yote hiyo hakuwahi kuvunja miiko. Akamkafini Bi Thuraya, akanyamaza.

Jumapili mchana, alipokuwa akitia udhu, alisikia meno yanasagana nyuma yake. Aligeuka. Uani hapakuwa na mtu. Akamimina maji tena, akasikia tena, taratibu, kama mtu anayejitahidi kufumbua kinywa kilichoganda. Siku ya pili wali ulimnukia kafuri ya maiti, akauacha sahani nzima. Akasoma Yasini, akafukiza ubani, wapi! Kila jua likifika utosini, meno yalisagana. Mwanamkuu aliwahi kuosha waliozama na walioungua, na hata mmoja hakumfuata nyumbani. Sasa aliogopa kukaa peke yake mchana kweupe.

Alhamisi alikuja Severa, mkewe Tarsis, akaketi kwenye ukingo wa baraza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nasikia wewe ndiye uliyemwosha yule bibi. Nakuuliza tu, mama. Umeona chochote cha kumsaidia mume wangu?"

"Hayo hayaulizwi, mwanangu."

"Watamnyonga," alisema Severa. "Usiku ule alikuwa nyumbani anaumwa homa, lakini shahidi wake ni mimi tu, na nani atamsikiliza mke?" Hakulia, wala hakuondoka. Aliketi pale mpaka kivuli cha nyumba kikamfika miguuni, na Mwanamkuu ndani akisikia yale meno.

Hapo ndipo alipojiuliza swali ambalo mama yake hakumfundisha. Linalofichwa ni aibu ya maiti. Mstari ule ulikuwa aibu ya Bi Thuraya? Hata kidogo! Ilikuwa aibu ya mtu aliye hai, anayekula na kulala, na mtu mwingine anangojea kufa kwa ajili yake. Akavaa buibui, akakata viwanja vya Mnazi Mmoja peke yake mpaka kituo cha polisi.

Koplo Seifu alimpa kiti. "Bi Mkubwa, eleza polepole. Ulichokiona, useme umekiona. Ulichokisikia, useme umekisikia kwa nani na wapi. Usichokijua, sema sijui, hapana atakayekulaumu."

Akamweleza habari ya ule mstari. Seifu aliacha kuandika.

"Kwa hiyo mwizi ameua, kisha akamfunga taya?"

"Mwizi angekimbia, baba. Huyu alikaa. Amemfumba macho, amemfunga kinywa, na baadaye amekifungua kitambaa akakichukua. Ni mtu aliyelelewa asivumilie kumwacha maiti vile."

"Ubeid!" Seifu alisimama. "Mtoto wa kaka yake marehemu. Wamegombania nyumba mwezi mzima, na usiku ule alionekana mtaani. Nilikuwa na wasiwasi naye." Akachukua tarabushi yake mezani.

Mwanamkuu alimtazama akielekea mlangoni. Angeweza kunyamaza. Tarsis angetoka, Severa asingerudi tena barazani, na Hamdiya, mtoto aliyemfunda kwa mikono yake, angebaki salama. Na Ubeid je?

"Rudi ukae, baba. Sijamaliza."

Seifu alirudi. Alipoona machozi yake, alisema kwa upole, "Mahakamani utaapishwa kusema kweli yote. Nusu yake itanyonga mtu mwingine asiye na kosa."

"Ndiyo maana nakwambia rudi."

Akasema yote. Seifu aliyaandika, akamsomea, akamtaka aweke dole gumba. "Na tangu sasa," alisema, "usiyazungumze haya na mtu, watu wasije wakakutia maneno yao kichwani."

Alasiri ileile walikwenda nyumbani kwa Bi Thuraya. Hamdiya alikuwa mkekani na Ubeid kando yake, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Ubeid," alianza Seifu, "usiku ule ulikuja hapa?"

"Nilikuja baada ya isha. Nikabisha, sikuitikiwa, nikaenda zangu! Mnanishuku mimi?"

Seifu alimgeukia Hamdiya. "Nawe ulirudi saa ngapi?"

"Alfajiri. Nimeshasema."

"Ulimkutaje?"

"Kitandani. Amekufa."

"Kinywa chake?"

Hamdiya alijivuta nyuma mkekani. Mwanamkuu akapiga magoti mbele yake. "Uliniambia mwenyewe, mwanangu, pale kizingitini. Kinywa wazi, kama anataka kukuita."

"Ndivyo kilivyokuwa!"

"Mimi nimemwosha. Kilikuwa kimefungwa, na alama ya kitambaa ipo. Maiti aliyelala kinywa wazi mpaka alfajiri hafungiki tena, labda umvunje taya. Aliyekiona wazi alikuwa naye roho inapotoka."

Ubeid alisogea pembeni ya mkeka.

"Somo, hata wewe unamsikia?" Hamdiya aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi hanipi nafasi. Kila nikifumba macho nakiona kile kinywa. Ndiyo maana nilikutajia, kilinitoka tu."

"Kwa nini, Hamdiya? Dada yako!"

"Zeina. Dada aliniambia amempeleka Unguja kusoma, nami kila mwezi nikimshonea nguo za kumpelekea. Kule harusini mwanamke mmoja akanipa pongezi: binti yako ameozwa Uarabuni, kwa watu wa baba yake. Mtoto wa miaka kumi na miwili! Nikarudi mbio nikamuuliza. Unajua alinijibu nini, kajilaza vilevile? Mtoto si wako, ni wa ukoo. Kisha akanigeuzia mgongo alale. Alale! Nikauchukua mto." Aliitazama mikono yake. "Alipotulia nikaona kinywa kile. Nikavua shela yangu nikamfunga, nikarudi ngomani nikakaa na wenzangu. Ndipo nikafikiri, mwizi hafungi maiti taya. Alfajiri nikaifungua shela, sanduku nikalitupa chooni, nikapiga kelele."

"Na Tarsis?" aliuliza Seifu.

"Nilikuwa nasubiri wamwachie wenyewe," alisema Hamdiya, na hata yeye mwenyewe aliyasikia maneno yake yalivyokuwa ya aibu.

Tarsis alifunguliwa kesho yake. Kesi ya Hamdiya ilisikilizwa mwezi wa Mei, chumba kimejaa mpaka barazani. Mwanamkuu aliapa kwa Msahafu, akasema alichokiona na alichokisikia, bila kuongeza wala kupunguza. Watu wa Kariakoo walinong'ona kwamba mwosha maiti ametoa siri ya maiti. Aliwasikia vizuri sana.

Jaji alimuuliza mshtakiwa kama ana swali kwa shahidi. Hamdiya alisimama kizimbani. Alikuwa amekonda sana.

"Somo, ulipomwosha," alisema, "uso wake ulikuwa bado umenikasirikia?"

Mwanamkuu alitamani kumpa neno lolote la kumliwaza, lakini alikuwa amekwisha kula kiapo, akajilazimisha kuukumbuka uso ule jinsi ulivyokuwa juu ya kitanda cha kuoshea.

"Sikuona hasira, mwanangu," alisema. "Ulikuwa umetulia. Wewe ndiye uliyeutuliza, kwa shela yako."

Karani akayaandika. Hamdiya alijifunika uso kwa ukaya wake, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, akamlilia dada yake.