Mkate wa Dada Erica

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mapaa ya Fes pale dada Erica alipotoka jikoni na ubao wa mkate, umefunikwa kitambaa cheupe.

"Mdogo wangu, nipelekee huu kwenye tanuri. Ni hapo chini tu, ukipita msikiti mdogo."

Katika mji ule wa kale wanawake hukanda unga nyumbani, kisha huupeleka kuokwa kwenye tanuri la mtaa. Ikupa alikuwa amewaona wakipita na mbao zao kila siku, na alifurahi kupewa kazi, maana tangu afike alikuwa akihudumiwa kama mkwe. Akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili, akapokea. Ndivyo wanavyolelewa watoto wa kwao Ileje. Kupokea kitu cha mkubwa wako kwa mkono mmoja, tena umesimama wima, ni kumwambia kwamba mama yako hakukufunza kitu.

Erica aliitazama ile mikono. Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa kuni kichwani.

"Asante," alinong'ona. "Asante sana, mdogo wangu."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Ikupa alidhani ni vitunguu.

Erica alikuwa mtoto wa mama mkubwa wa Ikupa. Alikwenda Morocco kupika katika nyumba ya wageni, na tangu aende hakurudi hata mara moja. Mama yake alipofariki, walimzika pale Mbozi Mission bila yeye. Watu walisema sana. Walisema amelewa ugeni, moyo umeota kutu. Aliyemtetea alikuwa Ikupa peke yake. Aligombana na wajomba, akanuniana na mama yake mzazi, yote kwa ajili ya dada Erica. Kwa hiyo tiketi ilipofika na ujumbe usemao njoo unitembelee, tutarudi wote kabla ya mavuno, Ikupa hakujiuliza mara mbili. Alifunga kibanda chake cha vitenge Tunduma, akamwacha binti yake Gwalugano kwa bibi yake kule Itumba, akamwahidi viatu vya kumetameta. Basi hadi Dar, ndege mbili, treni... hadi lango la bluu la mji ule, ambako magari hayaingii na mizigo hubebwa na punda.

Na sasa alikuwa akishuka na ubao.

Vichochoro vya Fes ni vyembamba, mtu mnene akikutana na punda lazima mmoja arudi nyuma. Harufu ya mnanaa, ya mbao zilizorandwa, na kutoka chini kwenye mto, harufu ya ngozi mbichi zinazolowekwa. Ikupa alihesabu kona moyoni ili asipotee. Ubao ulikuwa mwepesi alipotoka. Kwenye kona ya msikiti ukawa mzito. Akaubadilisha bega.

Ulikuwa na joto.

Unga haujaokwa, joto la nini?

Kitambaa kikapanda kidogo. Kikashuka. Kikapanda tena...

Mwoka mikate alikuwa mzee wa ndevu fupi. Alinyoosha mkono wa kulia kupitia kidirisha, akafunua kitambaa. Ubao ulikuwa mtupu. Hapakuwa na hata chembe ya unga. Mzee alimtazama Ikupa, kisha akatazama nyuma ya bega lake, juu kidogo, pale ambapo kichwa cha mtu mrefu kingekuwa. Akaurudisha mkono wake ndani. Kidirisha kikafungwa.

Ikupa hakugeuka. Alianza kutembea. Nyuma yake miguu ikaanza kutembea.

Aliposimama, ikasimama.

Alifika nyumbani akihema, akaita. Jikoni moto ulikuwa umezimwa. Sanduku la Erica halikuwepo, wala koti lake. Mama mwenye nyumba, ajuza asiyesema neno la Kiswahili, alikuwa ameketi uani. Alimwangalia Ikupa kwa huruma, kisha akamtundikia aproni ya Erica shingoni.

Ikupa aliivua, akachukua pasipoti yake, akatoka mbio. Njia aliijua. Kila mtu pale huwaambia wageni jambo moja: ukipotea, panda tu, ukipanda utafika langoni. Naye ni mtu wa milima, kupanda kusingemshinda. Akapanda. Mapaja yaliwaka, kifua kikabana, mawe yalikuwa yanainuka mbele yake kabisa... na mwisho wa mwinuko akajikuta chini, kwenye ngozi mbichi na maji ya mto. Akapanda tena. Akafika chini tena. Aliwafuata wazungu wenye ramani, akaona migongo yao ikipita chini ya lango la bluu. Alipoinua mguu kuwafuata, mbele yake ulikuwa mlango wa Erica.

Alilia pale kizingitini bila aibu.

Siku kadhaa zilipita kabla ya simu kuleta ujumbe wa sauti wa Erica. Nyuma ya maneno jogoo aliwika, na mtu akasalimia kwa Kindali, lugha ya kwao.

"Mdogo wangu, nisikilize hadi mwisho. Kitu hicho nami nilipewa na mpishi aliyenitangulia. Sijui ni nini, nisikudanganye. Najua tu kwamba ukiwa nacho hutoki. Hata mama alipokufa nilipanda ile njia mpaka kucha zikang'oka. Nimejaribu kumpa kila mtu. Wenyeji wanapokea kwa mkono wa kulia, hakiendi. Wageni wanapokea wamesimama, hakiendi. Kinataka mtu apige magoti, apokee kwa mikono miwili, kwa moyo mweupe. Nani anapokea hivyo, Ikupa? Ni sisi tu. Na katika sisi, nani angenifuata huku, isipokuwa wewe? Nisamehe. Gwalugano hajambo. Analala nami hapa Itumba."

Ikupa aliisikiliza hadi akaijua kwa moyo. Kilichomuuma si kile kilichokuwa kikipumua kisogoni. Kile hakikumjua wala hakikumwahidi kitu. Kilichomuuma ni kwamba Erica aliwapitia ndugu wote, mmoja mmoja, akatafuta anayempenda kweli, akamchagua huyo.

Basi akavaa aproni. Akapika. Jioni moja, akimenya viazi, simu ikalia. Alikuwa Tupokigwe, mdogo wake wa tumbo moja.

"Dada, mbona kimya hivyo? Dada Erica anasema umepata mwanaume, umekataa kurudi. Mimi sijamwamini hata kidogo."

"Usimwamini," Ikupa alisema. "Tupo, amenifunga. Kuna kitu amenipa, sitoki huku."

"Kama umefungwa, basi nakuja kukufungua. Pasipoti ninayo tayari. Niambie tu nishukie wapi."

Kisogoni joto likasogea. Harufu ya ngozi mbichi. Kisha sauti, kwa Kindali, katika mji ambao hakuna mwingine anayekijua...

Mwambie aje.

Tupokigwe angekuja. Angepiga magoti mbele ya dada yake hata kabla ya kutua mzigo. Kikombe cha chai kingetosha. Kesho yake Ikupa angepita chini ya lango la bluu, na ndani ya wiki Gwalugano angekuwa mgongoni kwake. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.

"Usije," alisema.

"Nakuja, dada."

"Tupo, nisikilize. Nilikuwa naona aibu kukwambia. Erica amesema kweli. Nimeolewa. Sirudi, na sitaki mtu anifuate."

Kwenye simu kuku wa Itumba walisikika wakigombea punje.

"Na mtoto?"

Ikupa alifunga macho. "Mtoto mtamlea."

Mbali na simu kisauti cha Gwalugano kikauliza, "Ni nani?"

"Si mtu, mama," Tupokigwe alimjibu. "Wamekosea namba."

Simu ikakatika. Ikupa alibaki na kisu mkononi, na kiazi kikaanguka sakafuni. Nyuma yake hakuna kilichokasirika. Baada ya kitambo ile sauti, kwa Kindali safi na kwa upole, ikamuuliza kama mama yake ana watoto wengine.