Ukininyoa, Sikuoi

"Inamisha kichwa, Lemburis."

"Sitaki."

"Askari wameshafika kwa akina Lesikar. Inamisha!"

Lemburis alizishika nywele zake kwa mikono miwili. Zilikuwa ndefu, zimesokotwa na kupakwa udongo mwekundu, na hakuna binti wa Elerai asiyezijua. Lakini tangu Mjerumani aanze kuwasaka morani waliogoma kumbebea mawe ya boma lake, nywele hizo hizo ndizo zilizowapeleka kitanzini. Jana walimnyonga Lerionka. Hawakumuuliza hata jina.

"Morani hunyolewa na mama yake, siku yake ikifika," alisema. "Si na mchumba, tena mafichoni! Halafu univike ngozi ya mama yako na shanga zake? Nasieku, ukininyoa, sikuoi. Nitasimamaje mbele ya baba yako na mimi nimeshavaa kike?"

Nasieku alikuwa analia, ila mkono wenye kisu ulikuwa umetulia tuli.

"Basi usinioe. Bora nikukose ukiwa hai."

Lemburis akainamisha kichwa.

Walitoka na mizigo ya kuni mgongoni, kamba zimepita kwenye paji la uso. Lemburis alikuwa na upara kama wanawake wote wa kwao, na maisha yake yote hakuwahi kubeba kuni. Jamani, aliogopa! Hata yeye hakujua anaogopa nini zaidi, kitanzi au kuonekana.

Kwenye kivuko cha mto Kijenge walisimama askari wawili.

"Wewe bibi mrefu! Tua mzigo."

Akatua. Askari mmoja akazichokonoa kuni kwa mtutu wa bunduki, akitafuta mkuki. Akamtazama miguu, kisha uso.

"Mbona hasemi?"

"Shangazi yangu huyo," Nasieku aliwahi. "Kiswahili hajui. Jana mmemnyongea mwanawe."

Askari akatazama pembeni.

"Haya, beba uende."

Mkono wa Lemburis ukaenda wenyewe kuutupia mzigo begani, kiume. Nasieku akakohoa. Mkono ukaganda hewani. Taratibu akakaa chini, akaegemea kuni, akaivuta kamba hadi kwenye paji kama alivyomwona mama yake akifanya tangu utotoni. Jasho lilimtiririka mpaka machoni. Nasieku akamshika mkono, akamvuta mpaka akasimama.

Wakavuka.

Walipoingia migombani Lemburis akatua mzigo. Hajakaa sawa, majani yakatikisika, akatokea Koikai, morani wa rika lake, mkuki mkononi na nywele zake zote kichwani.

"Lemburis?" Alimkodolea macho kuanzia upara mpaka shanga. "Ni wewe huyo?"

Hapo ndipo hofu ilipomkaba kweli. Angeweza kusema binti kamlazimisha, aibu yote ikamwangukia Nasieku. Akamgeukia. Nasieku alikuwa ameinamisha uso, anangoja.

"Ni mimi," alisema. "Na huyu aliyeninyoa ndiye mke wangu. Kawaambie rika zima. Baba yake nitamwambia mwenyewe."

Nasieku akaziba mdomo kwa kiganja.

Koikai hakucheka. Nyuma yao maji yalisikika yakikanyagwa, askari wanavuka. Akausukuma mkuki wake chini ya majani makavu ya migomba, akazishika nywele zake, akapiga magoti.

"Shemeji," alinong'ona, "hicho kisu bado kina makali?"