Dakika Kumi Kabla ya Chai

Ushoroba wa maduka ya vifaa vya umeme ulifurika watu adhuhuri ile, kila duka likishindana na jirani yake kwa kelele za redio. Katikati ya zogo hilo, msichana aliyevaa gauni la buluu lenye kola nyeupe alisimama mbele ya meza ya fundi redio, karatasi mkononi, midomo ikimchezacheza. Alikuwa amekuja kununua hedifoni. Siku mbili nyuma alikuwa amefeli mtihani, na kidonda kilikuwa bado kibichi.

“Dada, unahesabu nini?” fundi aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake.

“Nukta na vistari vya Morse, ile lugha ya milio ya redio. Kuna ubaya?”

“Upo. Mtu akikuambia ‘karibu chai’, huwa unahesabu herufi kwanza?”

“Na wewe ni nani wa kunifundisha, bwana mtengeneza pasi?”

Fundi akacheka. Kabla ya pasi na redio za watu, alikuwa amefanya kazi melini miaka tisa, akipokea na kutuma habari kwa milio hiyo hiyo. Akachukua bisibisi, akagonga mezani kwa kasi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba msichana alisahau kuendelea kukasirika.

Msichana huyo watu walimwita Opereta, hata shangazi yake aliyemlea. Kwa miaka minne alikuwa amekaa kwenye ubao wa simu wa ofisi ya bandari, akiunganisha mazungumzo ya wengine. Alichokitaka kilikuwa orofa ya juu: chumba cha redio, wanakozisikiliza meli. Mtihani aliofeli ulikuwa wa kuingia huko, na sheria ya chumba hicho ilikuwa fupi. Aliyefeli mara mbili harudi tena. Alibakiwa na nafasi moja, na miezi mitatu ya kujiandaa.

“Ruhusa?” Fundi aliuliza, akaichukua ile karatasi ya alama na kuichana vipande viwili. “Sasa sikiliza. Herufi mbili tu kwanza, kwa kasi ya kweli, si ya kubembeleza. Dakika kumi kabla ya chai, kumi mchana, kumi jioni. Ukipata tisa katika kumi, nakuongezea ya tatu. Ukikosa herufi, weka alama usonge mbele. Ukigeuka kuifuata, tano nyingine zimeshakupita.”

“Na nani atanipigia hizo herufi alfajiri? Jogoo?”

“Nyumbani kwenu kuna simu?”

Ilikuwapo, ukumbini kwa shangazi. Tangu siku ile ikawa inalia kila asubuhi saa kumi na mbili kamili, na Opereta akaipokea amejifunga kanga, kalamu sikioni, daftari gotini, Fundi upande wa pili akimgongea herufi.

“Huyo mchumba wako ana ulimi kweli?” shangazi aliuliza wiki ya pili. “Kila siku analia kama chura, hasemi.”

“Si mchumba, shangazi.”

“Anakuamsha kabla ya jua, nawe unaamka unacheka. Ni nani basi? Muuza maziwa?”

Ulimi alikuwa nao. Zoezi likiisha, yalifuata maongezi ya dakika moja, ambayo yalinenepa yakawa tano, kisha nusu saa.

“Mpenzi, leo nimepata zote!”

“Zote? Nenda ukanywe chai, roho yangu, kabla sijasahau kwamba mimi ni mwalimu.”

Wiki tatu kabla ya mtihani, karani wa chumba cha redio alimpa Opereta jaribio dogo. Jioni alifika mezani kwa Fundi.

“Kwako napata kila herufi. Kwake nimepata nusu tu! Nilikaa pale kama kiziwi.”

Fundi aliweka chini chuma cha kulehemu. “Niachie hilo,” alisema.

Kesho yake simu ililia saa ile ile, lakini sauti ilikuwa ya mzee asiyemjua. “Opereta? Tayari?” Milio ikaanza, mizito, ya kujikokota. Jioni akapiga mwanamke mwenye kikohozi. Siku iliyofuata akaja mwingine, aliyekimbiza herufi kama mtu anayefukuzwa. Hakuna aliyebaki kuongea. Fundi mwenyewe hakupiga.

Siku ya nne Opereta alimpigia dukani.

“Umenigawa kama shehena?”

Alisikia bisibisi ikiwekwa mezani.

“Nakuuliza wewe!”

“Fanya zoezi, Opereta.” Simu ikakatwa.

Opereta! Wala si mpenzi, wala si roho yangu. Shangazi, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, akatikisa kichwa. “Mwanamume akikukimbia kwenye simu, mwanangu, ujue miguu ilishatangulia.”

Neno hilo lilimwingia kama msumari. Hata hivyo hakuiacha ratiba: asubuhi kumi, mchana kumi, jioni kumi, machozi yakidondoka juu ya daftari na kalamu ikiendelea.

Siku ya mtihani, mkono wa mtahini katika kugonga ulikuwa wa kukwaruza, wenye nukta ndefu kupita kiasi. Mstari wa tatu Opereta alikosa herufi. Akaweka alama, akasonga mbele. Akakosa nyingine, akaweka alama tena. Kisha, katikati ya ukurasa, akagundua kwamba sikio lake halimtafuti mtu. Milio ilikuwa inaingia kama maneno, hata aipige nani. Ndipo akaelewa maana ya wale wageni watatu, na alipoelewa, hasira yake ilizidi badala ya kupungua.

Makosa yaliyoruhusiwa yalikuwa matano. Alikuwa na manne.

Alikwenda moja kwa moja ushorobani, wino ungali vidoleni.

“Nimefaulu.”

Fundi aliinuka ghafla, kopo la skrubu likamwagika.

“Kaa chini. Sijaja kushangilia. Kila mtu ana mkono wake, kama mwandiko, na sikio langu lilikuwa limezoea wako tu. Siku ile ulijua?”

“Nilijua.”

“Mbona hukusema?”

“Ungeniomba dakika moja ya maongezi, nami ningekupa saa nzima, na kesho yake ningekupigia mwenyewe. Sikujiamini. Nilipokata ile simu nilibaki nimeishika, mpaka mteja akaniuliza kama imeharibika.”

Kicheko kilimpanda Opereta kooni, akakimeza. “Nimelia bafuni ili shangazi asisikie. Wewe ulikuwa unafundisha. Mimi nilikuwa naachwa.”

“Nisamehe. Nilikosea.”

Vidole vya Fundi vikaanza kugonga ukingo wa meza. Opereta alisikia herufi tatu za kwanza, akajua zinakoelekea. Akaulaza mkono wake juu ya ule wa Fundi, akaubana.

“Hapana. Hili utalisema kwa mdomo.”

Mwenye duka la jirani akapunguza sauti ya redio yake. Wa pili akazima kabisa.

“Nataka uwe mke wangu,” Fundi alisema.

Opereta akauachia mkono.

“Shangazi anakuwapo nyumbani kuanzia saa kumi na moja jioni,” alisema. “Njoo mwenyewe. Usimtume mtu.”