Karatasi Isiyo na Jina

Mapenzi ya wengine huanza kwa salamu. Ya Raisa yalianza kwa kelele za mwizi.

Ilikuwa saa mbili asubuhi kwenye mwalo wa Rumonge, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, mitumbwi imekwisha kurudi, wanawake wanagombania ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa viwiko. Raisa alikuwa amejifunga kitenge cha kijani kiunoni na mtandio wa rangi ya machungwa, mikono inanuka samaki. Alikuwa mwanikaji wa samaki kama wenzake, na tena katibu wa chama chao, cheo kilichomfanya aone kila kitu kinamhusu. Basi akamwona kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, anaondoka na taa mbili za uvuvi za Waziri, mjomba wake Raisa.

"Mwizi! Mukamate huyu!"

Kijana akasimama, akaziweka taa chini polepole, kama mtu aliyezoea kupekuliwa. Kila betri ilikuwa imebandikwa karatasi yenye mwandiko mzuri wa kulala, kila herufi na mkia wake: *Waziri. Waya umekatika.*

"Miye niko fundi, mama," akasema. "Naitwa Akonkwa. Ukipenda nitaandika na jina yako hapa, ili kesho unikamate vizuri."

Watu wakacheka. "Mukongomani huyo," mtu akasema nyuma. "Mulinde mifuko." Raisa aliona haya, na haya yake ikatoka kwa sura ya ukali.

"Fundi gani anavaa shati jeupe mwaloni?"

"Fundi anayetafuta muke."

Siku ya nne simu ya Raisa ikalia. Namba yake Akonkwa alipewa na mjomba Waziri, ambaye taa zake zilikuwa hazijawahi kuwaka vile.

"Amahoro, sheri. Ni ule mwizi."

"Umeiba nini tena?"

"Bado. Iko kitu moja ninaangalia."

Raisa akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa mtandio. Kuanzia hapo wakawa wanakutana mchana kwenye kigahawa cha karibu na soko, wakila samaki mukeke wa kuchoma na ugali wa muhogo, Raisa akimwita Mushi wangu, kwa jina la kabila lake, naye akiitwa sukari ya Rumonge. Akonkwa alikuwa na sauti ya chini na vidole vyenye makovu ya kuungua na waya. Raisa alimpenda, tusifichane.

Ila moyo wa Raisa ulikuwa na mlango wa nyuma, na kwenye mlango huo alikuwa amesimama Jovita, shoga yake, mwanikaji mwenzake na muuza sabuni ya mawese.

"Hawa watu wa ng'ambo ya ziwa wote beko na bibi na watoto kule Uvira," Jovita alisema. "Wote. Utakuja kuniambia."

"Wangu hana."

"Umemuuliza?"

Hakumuuliza. Alianza tu kuitazama simu ya Akonkwa ilipolia. Akonkwa alipopokea kwa Kishi, lugha ya kwao ambayo Raisa haijui, Raisa alihesabu dakika. "Mama yangu," Akonkwa angesema. Mama gani anapiga mara tatu kwa siku? Nyumbani napo hapakuwa na wa kumtuliza. Mama yake, Bi Mariam, mjane mwenye maneno machache na makali, alisikia kuna kijana wa Kikongomani akakataa hata kuambiwa jina lake.

Kisha ziwa likapanda. Maji yalikula ufukwe, yakameza vichanja vya chini vya kuanikia samaki, na vile vilivyobaki juu vikawa na ugomvi kila alfajiri. Wanawake wa Kikongomani walisukumwa pembeni, penye mtaro wa maji machafu. Waswahili wa mjini wakaitwa wajanja, wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania wakaambiwa warudi tena huko. Asubuhi moja ndagala za mama mmoja wa Kibembe, wa kule ng'ambo, zilikutwa zimemwagwa kwenye matope, na aliyemwaga hakujulikana, au tuseme alijulikana akanyamaziwa.

Mzee Asmani, mwenyekiti wa chama, akasema imetosha. Jumamosi, baada ya kazi za mtaa, mwalo mzima ukutane, kila mtu alete wazo lake la namna ya kuishi bila kutukanana. Kwa kuwa hakuna atakayesema ukweli mbele ya jirani yake, mawazo yaandikwe kwenye karatasi zisizo na jina na kutiwa kwenye kidumu cha mafuta kilichokatwa juu. Yatakayoungwa mkono yatapigiwa kura Jumamosi inayofuata. Msomaji awe katibu.

Raisa akavaa gauni la buluu lenye mikono mirefu, akasimama mbele ya watu wapata mia mbili, akaanza kusoma. Watoto wasiitwe kwa majina ya nchi shuleni. Makofi. Vichanja vigawanywe kwa kura ya bahati, si kwa asili ya mtu. Minong'ono. Akachomoa ya tatu.

"Kila watu wakae na wenzao. Kuuza pamoja sawa, kuoana..."

Akaisogeza karatasi karibu na macho. Zile herufi zilikuwa na mikia.

"Malizia!" watu wakasema.

"Kuoana hapana. Damu haipatani."

Makofi yakapigwa, mengi kuliko ya mwanzo. Akonkwa alikuwa ameegemea ukuta wa ghala ndani ya lile shati jeupe, macho yake chini.

Raisa hakungoja kikao kiishe vizuri. Alimkuta nyuma ya ghala, akamwekea karatasi kifuani.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Umeandika weye, na mukono yako?"

"Nimeandika."

"Juu ya nini, Akonkwa? Kwa nini?"

"Karatasi haina jina. Mulisema vile, weye na muzee Asmani."

"Mimi nakuuliza kama mupenzi wako, si kama katibu!"

"Na miye nakujibu kama mutu aliyetoa neno."

Neno gani, kwa nani? Yote aliyokuwa ameyaweka kwenye ule mlango wa nyuma yakaingia ndani kwa pamoja. "Basi ni kweli uko na bibi Uvira. Ulikuwa unanichezea tu, kuoana hapana!"

Akonkwa aliikunja ile karatasi, akamrudishia mkononi kwa adabu.

"Siku ya kwanza uliniita mwizi mbele ya watu, nikacheka," akasema. "Leo sicheki, Raisa." Akaenda zake.

Siku nne simu haikulia. Raisa aliitazama akianika samaki, aliitazama akila, akajiambia haitazami.

Jumatano mchana alimkuta mama yake uani akisonga ugali. Magoti yalikuwa yanamsumbua Bi Mariam, na kwenye kikao hakwenda. Raisa akakaa kwenye kigoda.

"Furahi, mama. Yule Mukongomani tumeachana."

"Alhamdulillahi." Bi Mariam hakugeuka. "Mimi nilisema zamani. Kuuza pamoja sawa, kuoana hapana."

Raisa akainuka kwenye kigoda. "Umesema wapi, mama?"

"Kwenye karatasi yangu. Unafikiri asiyesoma hana wazo?"

"Nani alikuandikia?"

"Kuna kijana wa taa pale karibu na ghala, sisi wote tusiojua kushika biki tunakwenda kwake. Mutoto wa heshima! Akanipa kiti yake, yeye akasimama. Nikamwambia, iko juu ya binti yangu Raisa, katibu, anataka kuolewa na Mukongomani. Akainua biki kwenye karatasi. Akaniuliza, mama, niandike hivyo hivyo? Nikasema hivyo hivyo, na uniapie hautamwambia mutu. Akaapa. Halafu akanisomea yote, polepole."

"Jina lake hukumuuliza?"

"La nini?"

"Anaitwa Akonkwa, mama. Ndiye huyo."

Mwiko ukasimama. Bi Mariam akakunja uso, na iliyomtoka ilikuwa shaka ile ile ya bintiye.

"Basi iko na hila. Mutu hawezi kujikata kwa mukono yake mwenyewe. Alitaka nini?"

"Hila gani? Angeweza kuandika, binti yangu aolewe na anayempenda. Angekusomea yale yako, akatia kwenye kidumu yale yake. Ungejua?"

Mama akautazama ugali. Ulikuwa umeshika chini.

"Singejua," akasema.

Raisa alitoka na simu hadi nyuma ya nyumba. Akampigia Akonkwa, ikalia mpaka akakaribia kukata tamaa.

"Alo."

"Nimejua, Akonkwa."

"Nani amekuambia?"

"Mwenye karatasi mwenyewe."

"Sawa. Basi miye sikusema."

"Nisamehe, mupenzi. Mama yangu..."

"Mama yako sina neno naye. Alisema ya moyo wake. Weye ndiye uliniumiza. Ungekuta ule mwandiko iko ya muzee Asmani, ungemuuliza: umeandikia nani? Kila mutu anajua nusu ya mwalo haijui kuandika. Kwangu uliruka mara moja mpaka kwa bibi ya Uvira. Juu ya kuwa niko Mukongomani."

Raisa akaegemea ukuta. Machozi yakamdondoka.

"Ni kweli," akasema. "Nimekosa."

"Niachie kwanza," Akonkwa akasema, akakata.

Jumamosi ilipofika, wazo la kutenganisha watu ndilo lililokuwa na wafuasi wengi, na mzee Asmani aliinua mkono kuanzisha kura huku uso wake umenuna. Ndipo Bi Mariam akaonekana, kitenge chake cha sikukuu, akitembea pole pole juu ya magoti yake, Raisa akimshika kiwiko.

"Ngojeni. Hiyo karatasi ni yangu. Mimi Mariam."

Mwalo ukavuma kama nyuki.

"Bila jina nilikuwa mukali. Sasa munaniona. Ninaitoa kwenye kura. Mwenye wazo kama lile aandike yake, atie na jina, asipande juu ya yangu."

"Wamekupa nini, mama?" mtu akadakia, na wengine wakacheka.

"Sijapewa kitu. Na bado Wakongomani siwaamini wote." Akazungusha macho. "Hata ninyi siwaamini wote."

Safari hii kicheko kilikuwa cha wote. Bi Mariam akamtafuta Akonkwa kwa macho mpaka akampata.

"Kijana. Ungeweza kunidanganya. Mbona hukunidanganya?"

"Yalikuwa maneno yako, mama."

Mama akatikisa kichwa kwa muda. "Lete wakubwa wako nyumbani, mchana, watu wakiona. Sijasema ndiyo. Na mambo ya dini tutaulizana. Nimesema nitasikiliza."

Hakuna aliyejitokeza na jina lake. Wazo la kutengana likafa pale pale, na vichanja vikapigiwa kura ya bahati. Mama wa Kibembe akapata cha juu kabisa, Jovita akapata cha mtaroni, akaanza kulalamika kabla hajakaa.

Raisa alimkuta Akonkwa akifungua kamba za vichanja ili vihamishwe. Alisimama mbele yake.

"Mama yangu amesema mbele ya watu. Na mimi nasema: nilikushuku juu ya kwenu, si juu ya kosa lako."

"Nimesikia."

"Bado unaumia?"

"Bado. Sikia, Raisa. Ukishuku, uniulize. Mimi, kabla ya Jovita."

"Basi nauliza sasa hivi. Utanioa?"

Akonkwa akafungua kwanza fundo lililobaki.

"Nitakuoa," akasema. "Lakini leo bado nimekukasirikia."

Raisa akamwambia hiyo ni haki yake, akashika upande wa pili wa kichanja, wakakibeba.