Protase na Waya wa Spidomita

Protase huamka kabla ya mkewe. Huwasha moto, huinjika ndizi, kisha hutoka kuifuta matope pikipiki yake. Ni pikipiki ya njia mbaya, ndefu, yenye matairi ya meno. Hubebea miche ya kahawa, magunia na watu. Kijiji chake kiko Muleba. Kati ya kijiji na kituo cha afya kuna rweya, yaani mbuga ya nyasi tupu, isiyo na mgomba wala nyumba. Ukipotea rweya, hakuna wa kumuuliza njia.

Zamani Protase alikuwa akiimba huku anafuta pikipiki. Siku hizi haimbi. Mkewe, Restituta, naye haimbi. Nyuma ya nyumba yao, ndani ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba, kuna kaburi dogo lenye msalaba wa mti. Msalaba ulikaa muda mrefu bila jina.

Nitaeleza kilichotokea, ingawa sipendi kukieleza.

Protase aliponunua pikipiki ile, wenzake wa kijiweni walimpa ushauri.

"Kata waya wa spidomita," walimwambia. "Kilomita zisimame hapo hapo. Siku ukiiuza, mnunuzi ataiona bado changa."

Karibu wote pale kijiweni walikuwa wamekata. Protase naye akakata. Mshale ukalala kwenye sifuri, na maisha yakaendelea. Mimi nauita huo ujanja wa kijinga. Unaanza kwa kutaka kumdanganya mnunuzi ambaye hata humjui, na unaishia kujidanganya mwenyewe.

Mwaka jana, wakati wa masika, Restituta alishikwa na uchungu asubuhi. Mvua ilikuwa imebomoa daraja, na gari halikuweza kupita. Protase akampigia nesi simu.

"Piteni rweya ya juu," nesi alisema. "Mkifika kwenye mikaratusi, hesabu kilomita nne, kisha kata kushoto. Njia za kushoto ni nyingi. Usikate mapema, waitu, nakusihi."

Ukungu ulikuwa mzito siku ile. Protase aliifikia mikaratusi, akatazama spidomita. Mshale ulikuwa kwenye sifuri, na namba za kilomita zilikuwa zile zile za siku aliyokata waya. Akaenda kwa kukisia. Akakata kushoto mapema.

Njia ile iliwapeleka bondeni, kwenye tope la kufika magotini. Simu haikupata mtandao. Walizunguka mpaka ukungu ulipoondoka, lakini walikuwa wamechelewa. Mtoto alizaliwa kwenye nyasi. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Restituta hakumlaumu mumewe hata kwa neno moja. Protase aliumia zaidi kwa sababu hiyo.

Mwaka huu Restituta akapata mimba nyingine. Siku moja walikuwa wanamenya ndizi, binti yao Nancy akiwa shuleni.

"Baba Nancy," Restituta alisema, "mimi rweya sipiti tena."

"Hutapita. Siku zikikaribia utaenda kwa mama, kule Nyanga. Kutoka pale hospitali ya Bukoba si mbali."

"Na uchungu ukija kabla sijaondoka?"

Protase alishika kisu bila kumenya.

Kesho yake alipanda basi kwenda Bukoba. Ndani ya basi alimkuta jirani yake, Kyaruzi, ambaye kazi yake ni kupima mashamba ya kahawa. Kyaruzi alikuwa anatafuna punje za kahawa kavu, akamgawia. Protase alimweleza kwamba anakwenda kutafuta kifaa cha kumwonyesha njia kwenye ukungu.

"Twende wote," Kyaruzi alisema. "Vitu hivyo vina majina yanayofanana, lakini kazi zake ni mbalimbali."

Waliingia duka la vipuri la Twaibu. Twaibu aliwasha spidomita moja kubwa. Iliwaka bluu, ikawaka kijani.

"Hii ina GPS, kaka," alisema. "Inapokea mawimbi ya setilaiti. Pikipiki yako itang'aa kama ndege!"

Protase aliipenda. Mkono wake ulikuwa tayari mfukoni.

"Subiri kidogo," Kyaruzi alisema. "Unataka kujua nini, mwendo au njia?"

"Njia. Si ameniambia ina GPS?"

"Inayo. Lakini hii inatumia setilaiti kupima mwendo tu. Haina ramani, wala haihifadhi njia. Itakuambia unakwenda kasi gani, hata kama unakwenda kupotea."

Twaibu alicheka. Protase hakucheka. Twaibu alipoona hivyo, akatoa kidude kidogo cheusi.

"Basi hiki. Hiki nacho ni GPS."

"Hicho ni cha kutafuta pikipiki ikiibwa," Kyaruzi alisema. "Unakificha chini ya kiti. Kinatumia laini ya simu kukutumia mahali pikipiki ilipo. Wewe dereva hakikuonyeshi njia. Tena kule bondeni mtandao hamna."

"Simu yangu je? Nasikia nayo ina ramani."

"Inaweza, ukihifadhi ramani kabla ya safari. Lakini njia zako zitaitikisa mpaka kamera iharibike. Mvua ikinyesha, kioo hakisikii kidole."

Kyaruzi alinyoosha mkono, akashusha kifaa kimoja kinene kilichokuwa kimejaa vumbi. Hakikuwa na rangi za kupendeza.

"Tazama hiki. Kina vitufe, kwa hiyo utakibonyeza hata ukiwa na tope vidoleni. Kioo chake kinasomeka juani. Kinahifadhi njia uliyopita, na hakihitaji mtandao wa simu. Unakiunga kwenye betri ya pikipiki kwa waya wenye fyuzi. Na hapa nyuma pameandikwa IP67. Maana yake vumbi haliingii, na maji hayaingii hata kikitumbukia kwa muda mfupi."

"Hicho hakina wateja," Twaibu alisema.

"Leo kimempata mmoja," Protase alijibu.

Walipotoka nje, Protase aliuliza kwa sauti ndogo, "Na ule waya niliokata?"

"Nunua mwingine, uufunge," Kyaruzi alisema. "Setilaiti huchelewa kidogo bondeni au chini ya miti minene. Spidomita inasoma gurudumu lenyewe. Kilomita zake ndizo zitakazokukumbusha kubadilisha oili. Ila ukifunga tairi la mbele la saizi nyingine, itasoma vibaya. Na jambo moja zaidi, Protase. Kifaa hiki hakiijui rweya. Wewe ndiye wa kukifundisha. Pita siku ya jua, kikiwa kinarekodi. Siku ya ukungu utafuata mstari wako mwenyewe. Usikitazame ukiwa kwenye mwendo. Simama, tazama, endelea."

Protase alikishika kile kifaa kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Ningejua haya mwaka jana."

Kyaruzi alimshika bega, wakaenda kupanda basi.

Jumapili baada ya misa jua lilikuwa kali. Protase alikuwa amefunga kifaa kwenye usukani na waya mpya wa spidomita. Restituta alitoka ndani amevaa koti.

"Nakwenda na wewe," alisema.

"Ulisema hupiti tena."

"Nataka kupaona."

Walikwenda polepole. Mshale wa spidomita uliamka, na namba za kilomita zikaanza kusogea. Walipita mikaratusi. Mbele kidogo Protase alisimama, akazima injini. Hapo ndipo alipokata kushoto siku ile. Kumbe ilikuwa mapema mno. Njia iliyowapoteza ilishuka kwenye nyasi, nyembamba, kama njia nyingine yoyote.

"Nitaweka alama hapa," alisema. "Tukiikaribia, kifaa kitalia. Nitajua kwamba hapa hatukati."

Alibonyeza kitufe. Akangoja, akabonyeza tena.

"Vipi?" Restituta aliuliza.

"Kinataka jina la alama. Niandike kona?"

Restituta alitazama bondeni. Upepo ulikuwa unapiga nyasi.

"Andika Dastan," alisema.

"Dastan gani?"

Restituta aliendelea kutazama bondeni. Protase alimtazama usoni, akaelewa. Alilia pale pale, mtu mzima, mikono ikiwa kwenye usukani. Kisha akaandika jina lile, herufi moja moja. Wakaendelea mpaka kituo cha afya, kifaa kikiwa kinarekodi, na waliporudi nyumbani alichukua kisu akalichonga na kwenye msalaba.

Uchungu ulikuja mapema, kabla Restituta hajaenda Nyanga. Ilikuwa asubuhi, na ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Daraja lilikuwa bado halijajengwa. Nancy aliachwa kwa mke wa Kyaruzi.

Restituta alipanda nyuma ya mumewe.

"Ninaogopa," alisema.

"Hata mimi," Protase alisema. "Nishike."

Alikwenda taratibu. Mara kwa mara alisimama, akatazama mstari, akaendelea. Mikaratusi ilipita upande wao, hawakuiona vizuri. Mbele kidogo kifaa kililia. Kwenye kioo lilitokea jina, DASTAN. Upande wa kushoto, ndani ya ukungu, njia ile mbaya ilikuwa wazi inawasubiri.

"Hapa hatukati," Restituta alisema.

"Hatukati," Protase alisema, akanyoosha mbele.

Waliendelea mpaka spidomita ilipotimiza kilomita nne tangu kwenye mikaratusi. Hapo mstari ulikata kushoto, nao wakakata. Punde si punde wakaliona paa la kituo cha afya.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita. Alikuwa wa kike, na alilia kwa nguvu mpaka Protase akamsikia akiwa nje. Nesi alikuwa yule yule wa mwaka jana. Alifungua dirisha, akatazama ukungu, akatikisa kichwa.

"Katika ukungu huu, nani kawaonyesha njia?" aliuliza.

Restituta alimfunika binti yake vizuri kwa kanga.

"Kaka yake," alisema.